Kopo la Misumari

Bimkubwa aliacha kula Jumatatu asubuhi. Si kwamba alikula kidogo, hakugusa kitu. Majani yalijaa kwenye hori, mabichi na marefu, na pumba zimenyunyizwa juu, naye akayapa kisogo. Alisimama amekunja mgongo, miguu ya mbele ameitanua kama mtu aliyebeba mizigo makwapani, na kila alipovuta pumzi alitoa mguno mdogo.

Wa kwanza kumwona alikuwa Chapchap, msichana wa miaka kumi na miwili, maana kazi ya kujaza hori na kuzoa samadi kabla ya kwenda shule ilikuwa yake. Chapchap halikuwa jina alilopewa alipozaliwa, lilikuwa sifa. Angefagia banda zima wakati mwenzake bado anatafuta ufagio. Ukimtuma dukani, anarudi kabla hujakumbuka kitu cha pili cha kumwagiza. Baba yake alijivunia hilo mbele ya majirani. Mama yake hakujivunia sana, kwa sababu yeye ndiye aliyefagia tena pale alipopita binti yake.

"Baba! Bimkubwa hali!"

"Anaringa huyo," Baba alijibu kutoka ndani. "Mwite mjomba wako."

Huyo mjomba hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mkamuaji wao, mtu mzima, mrefu, mwenye mikono mipana, na kwa miaka saba alikuwa akiishi kwenye chumba cha mabati kilichopakana na banda. Alikuja na ndoo yake na kigoda chake, akaketi, akaosha kiwele, akaanza kukamua. Siku zote Bimkubwa alitoa lita tisa, asubuhi na jioni ukijumlisha. Asubuhi hiyo yalitoka maziwa ya kujaza vikombe viwili. Mkamuaji aliitazama ndoo kwa muda mrefu.

"Huyu haringi, mzee," alimwambia Baba alipotokea. "Huyu anaumwa. Tazama anavyoogopa kushuka pale mtaroni. Kifua kinamuuma."

Walikuwa na ng'ombe watatu. Mmoja alikuwa kikongwe ambaye maziwa yake yalitosha chai ya nyumbani tu. Wa pili alikuwa mtamba, binti wa Bimkubwa, ambaye hajawahi kuzaa. Aliyebaki ni Bimkubwa, naye ana mimba ya miezi sita. Sare za shule, chumvi, sabuni, mabati ya banda, vyote vilitoka kwenye kiwele chake. Nyumba nzima ilikuwa imeegemea mbavu za ng'ombe mmoja.

Chapchap aliposikia maneno "kifua kinamuuma," kitu kilimchoma rohoni. Akakisukuma mbali, akanyakua mkoba wake, akatimua mbio kwenda shule.

Turudi nyuma siku mbili, mjue alichokuwa anakikimbia.

Jumamosi, Baba na mkamuaji walitengeneza ua wa malisho. Waya wa zamani ulikuwa umeoza kwa kutu, ikabidi wakate sehemu mbovu na kuunga mpya. Kila kiungo, koleo ilikata vipande viwili vya waya, urefu wa kidole, navyo vikarukia majanini. Mtu asiyefuga ng'ombe atasema, vipande vya waya ni kitu gani? Lakini ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Anazungusha ulimi, anavuta, anameza. Atatafuna baadaye akiwa amelala. Kilichomo ndani ya majani kinaingia chote. Na waya ukishaingia tumboni hautoki. Unakaa upande wa mbele, upana wa kiganja tu kutoka kwenye moyo, na kila tumbo linapojikamua, unasogea.

Ndiyo maana Baba alikuwa na sumaku. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, duara nene lenye tundu katikati, akaifunga kamba. Kila walipofanya kazi ya waya, mtu mmoja aliiburuta sumaku majanini kandokando ya ua, upande wa ndani na upande wa nje, na kila kilichonasa kilitiwa kwenye kopo. Ni kazi ya kuinama, ya polepole, inayokula mchana mzima. Siku hiyo alipewa Chapchap.

"Ua wote," Baba alimwambia. "Kwenda na kurudi. Viungo ni kumi na viwili, kwa hiyo vipande ni ishirini na vinne. Nataka nisikie kopo linalia."

"Sawa, Baba."

"Usilipue kazi."

"Silipui, Baba."

Shida ni kwamba saa tisa kulikuwa na mechi ya netiboli, darasa lao dhidi ya wakubwa wao, na mfungaji wao alikuwa Chapchap. Ilipofika saa nane na nusu alikuwa amemaliza viungo viwili. Vipande vinne. Aliutazama ua uliobaki, akalitazama jua, kisha akazunguka nyuma ya stoo. Kulikuwa na mlango mbovu uliong'olewa na misumari yake imerundikwa chini, imepinda na kushika kutu. Alichota konzi moja, akaimimina ndani ya kopo, akaviweka vile vipande vinne juu. Akatikisa. Kopo lililia vizuri sana.

Baba naye alilitikisa. Hakuchungulia chini ya vile vipande vya juu.

"Huyu mtoto ni umeme," alimwambia mkamuaji.

Mkamuaji aliutazama ua, akalitazama jua. "Mapema hivi?"

Lakini Chapchap alikuwa ameshafika barabarani. Alifunga mabao manane, wakashinda, wakamrusha juu mara tatu. Kesho yake, Jumapili, alichukua mundu akaenda kukata majani ya hori. Alikata pale yalipostawi, kandokando ya ua, upande wa nje, ambako ng'ombe hawafiki wakati wa kulisha. Alikata mwenyewe, akabeba mwenyewe, akamwekea Bimkubwa mwenyewe. Na kwa jinsi alivyokuwa na haraka, hata hakukumbuka.

Daktari wa mifugo alikuja Jumanne, kama saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na pikipiki yenye kelele, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Baba alimzuia Chapchap asiende shule ili amshike ng'ombe kamba.

Daktari alipima homa, ikawa juu. Akaweka sikio ubavuni, akasikiliza. Kisha akaomba mti mrefu. Baba na mkamuaji wakaupitisha chini ya kifua cha Bimkubwa, mmoja huku na mmoja kule, wakaunyanyua taratibu. Bimkubwa alitoa mguno mzito uliowafanya wote waache.

"Hapa pana kitu," daktari alisema. "Mmefanya kazi ya waya hapa? Misumari? Mmejenga?"

"Tulitengeneza ua Jumamosi," Baba alijibu. "Lakini vipande vyote viliokotwa. Aliokota huyu hapa. Kopo nililishika kwa mkono wangu."

Daktari alimgeukia Chapchap. "Ulipitisha sumaku ua wote?"

"Ndiyo, daktari."

"Wote?"

"Wote."

Daktari aliinama mpaka macho yao yakawa sawasawa. "Sikuulizi ili uchapwe. Nina sumaku ya kumezesha, moja tu, imo kwenye mkoba. Nikijua ni waya, namezesha sasa hivi, unanasa hapo ulipo, tunamsimamisha miguu ya mbele juu ya kifusi waya usielekee moyoni, wiki mbili anapona. Lakini kijiji cha ng'ambo kuna mtu ambaye ng'ombe wake amemeza msumari, wameuona ukiingia. Ikitumika hapa, kule haipo. Nitapata nyingine Ijumaa. Kwa hiyo nakuuliza mara ya tatu. Kuna waya uliobaki majanini?"

Mkamuaji alikuwa ameshika mti. Baba alikuwa amesimama wima, kidevu juu, kama baba anayejua mwanawe atajibu nini. Chapchap alitazama vidole vya miguu ya Baba.

"Hakuna," alisema.

"Haya." Daktari alisimama. "Basi amepigwa. Au ameanguka. Mbavu zinauma na homa inaonyesha pafu linaingia usaha. Nani amempiga?"

Hapo Baba akakumbuka. Wiki iliyotangulia Bimkubwa aliipiga teke ndoo, na mkamuaji kwa hasira akamchapa kwa kigoda. Baba aliona kwa macho yake.

"Nilimpiga matakoni, mzee," mkamuaji alisema. "Mara moja. Sikumgusa mbavu."

"Matakoni, mbavuni, si ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Basi."

Daktari alimchoma Bimkubwa sindano mbili, akasema zitaendelea kila siku mpaka Ijumaa; atamtuma msaidizi wake. "Maziwa yake mwageni. Na likitokea la kutokea, nyama yake haiuzwi wala hailiwi. Dawa hii haikai na chakula cha watu." Akawasha pikipiki, akaondoka na sumaku yake.

Jumatano asubuhi Baba alimsimamisha mkamuaji mbele ya banda.

"Funga mizigo yako."

"Mzee, kabla hujanifukuza, nakuomba kitu kimoja tu. Chukua sumaku, upime ua. Mtoto alimaliza mapema mno siku ile."

Uso wa Baba ulibadilika. "Sasa unamtupia mtoto? Mtu mzima na ndevu zako? We Chapchap! Hebu njoo hapa!"

Chapchap alitoka na ufagio mkononi.

"Mjomba wako anasema ulilipua kazi. Ni kweli?"

Mkamuaji alimtazama. Hakumkunjia uso. Alimngoja tu, kwa utulivu uleule aliomngojea ng'ombe ateremshe maziwa. Ilikuwa nafasi nyingine kabisa, imewekwa mbele yake kama kiti. Chapchap angeweza kuikalia.

"Si kweli," alisema. "Ananisingizia."

Hilo neno la mwisho hakuna aliyemwomba. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka likawa na miguu.

Mkamuaji alifunga blanketi, sufuria, na redio ndogo. Haikuchukua hata robo saa. Kisha aliingia bandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Bimkubwa, akakiacha hapo kidogo, akatoka.

"Miaka saba, Baba Chapchap," Mama alisema mlangoni. "Hata chai asinywe?"

"Akanywe huko aendako! Na atakakokwenda nitahakikisha wanajua mikono yake inafanya nini."

Na kweli alihakikisha. Kufikia mchana kila mfugaji wa karibu alikuwa amepata habari ya mkamuaji anayevunja ng'ombe mbavu.

Shuleni siku hiyo wenzake walimpokea Chapchap kwa vigelegele. "Mfungaji bora huyo! Mabao manane! Mwalimu, huyu apewe ng'ombe!" Wakacheka. Chapchap naye akacheka, maana asingecheka wangeuliza kuna nini.

Alhamisi alfajiri, kazi ya mkamuaji ikawa yake. Vifundo vya mikono vilimuuma. Kutoka kwa Bimkubwa alipata maziwa ya kulowesha sakafu ya ndoo, akayamwaga mtaroni kama walivyoagizwa. Alipoinua kichwa aliona shingo. Mshipa mkubwa ulikuwa umesimama kuanzia kwenye taya mpaka kifuani, mnene kama kamba ya kisima, na chini ya kifua palikuwa pananing'inia mfuko wa maji ambao jana haukuwepo.

Siku hiyo aliporudi kutoka shule hakubadilisha hata sare. Alichukua sumaku, akaenda uani peke yake. Aliiburuta polepole, ndani kwenda, nje kurudi, akainama kila kiungo, akapekua kwa vidole. Ndiyo kazi aliyotumwa Jumamosi, na ilimchukua saa mbili na nusu. Sijui alifikiri nini. Labda alidhani kazi ikikamilika, hata ikiwa imechelewa, mambo yatajirudi yenyewe.

Alipata vipande kumi na vitatu. Ukiongeza vinne vya kwanza, kumi na saba. Akarudia ua mzima. Hakuna kilichoongezeka. Vipande saba havikuwepo, na pale vilipotakiwa kuwa, majani yalikuwa yamekatwa kwa mundu, mafupi, safi, kama kichwa kilichonyolewa. Hapo ndipo alipokumbuka aliyeyakata.

Alivitia mfukoni, akarudi nyumbani, akala na watu wa nyumbani. Baba alimsifu. "Mnaona? Mtoto anakamua, anasoma, hana makuu. Ningekuwa na wawili kama huyu ningelala miguu juu." Chapchap aliendelea kula, vipande vikiwa mfukoni. Ikawa siku ya tatu ya uongo wake.

Ijumaa asubuhi Bimkubwa hakusimama. Alilala amenyoosha shingo, mdomo wazi, na ule mguno sasa ulitoka kila pumzi. Mama alikuwa amepiga magoti kando yake na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Chapchap alikuja, akaingiza mkono mfukoni, akamwaga vipande kumi na vitatu kwenye kiganja cha mama yake.

"Nini hivi?"

"Vya ua. Nimeviokota jana. Saba havipo, Mama. Niliweka misumari kwenye kopo ili niende netiboli."

Mama hakupiga kelele. Alifumba kiganja mpaka ncha za waya zikamchoma.

"Mbona unaniambia mimi?" alisema. "Anayetakiwa kuambiwa yuko pale. Nenda peke yako. Sitakushika mkono."

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi anavaa mabuti. Alimsikiliza mpaka mwisho, buti moja mguuni na jingine mkononi. Akainuka hivyohivyo, akachechemea mpaka stoo, akalileta kopo, akalimwaga chini. Misumari. Iliyopinda, ya kutu, ya mlango wake mwenyewe. Aliisogeza kwa kidole mmoja mmoja kana kwamba kwa kuisogeza itageuka kuwa waya.

Kisha alitoa simu, akabonyeza namba ya daktari, akamkabidhi Chapchap. "Sema wewe."

"Haloo?"

"Daktari... ni mimi. Mtoto wa Bimkubwa." Alikosea hata kusema. "Vipande vilibaki."

"Jumanne ulisemaje?"

"Nilisema hakuna."

Simu ikakatika.

Daktari alifika baada ya saa moja, na sumaku tatu mkobani. Alichuchumaa, akaweka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo, akabonyeza ule mfuko wa maji. Mkoba hakuufungua.

"Mmezeshe basi," Baba alisema. "Si umekuja nazo?"

"Nimekuja nazo kwa ajili ya hao wawili waliobaki. Kwa huyu nitakuwa nacheza. Waya umefika kwenye moyo, mzee. Haya maji yote ni moyo unashindwa kazi."

"Hakuna cha kufanya?"

"Kipo. Asiendelee kuteseka mpaka jioni."

Chapchap alianza kurudi nyuma kinyumenyume. Daktari alimwona.

"Wewe baki hapo hapo. Shika kichwa."

Akakishika. Kilikuwa kizito na cha moto. Sindano iliingia, na baada ya muda mfupi kikawa kizito zaidi.

Daktari alimpasua ili ajue hakika. Waya mmoja ulikuwa umelala tumboni. Mwingine ulikuwa umetoboa tumbo, umepita, na ncha yake imechoma ngozi ya moyo. Ulikuwa mweusi, mdogo kuliko kidole cha mwisho. Ndama alikuwa jike. Alikuwa ameshaanza kuota nywele kuzunguka macho.

Mwuza nyama alikuwa ameshapata habari, akaja na baiskeli na visu. "Mzee, pole sana. Tusiiache ioze, nitachukua yote."

"Hata mkia huchukui," daktari alisema bila kugeuka. "Amechomwa sindano siku zote hizi. Za ugonjwa ambao hakuwa nao."

Mwuza nyama alisonya, akageuza baiskeli. Kwa hiyo ng'ombe mzima, aliyenona, alitakiwa kuzikwa. Baba alichimba kwa jembe, Chapchap akatoa udongo kwa karai. Palihitajika mtu wa tatu mwenye mikono mipana, na hakuwepo. Walimaliza jua likiwa limeinama, viganja vya mtoto vimetoka malengelenge na yamepasuka, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Wakati wao wanachimba, Mama na daktari walitikisa majani yote yaliyobaki kwenye stoo juu ya turubai. Vilidondoka vipande vitatu. Viwili vilikuwa ndani ya Bimkubwa. Viwili vya mwisho havikuonekana hadi leo. Daktari aliwamezesha sumaku yule kikongwe na yule mtamba, akitumia bomba refu, ili kama vimo ndani yao vinase huko na visisogee. Wale wawili walipona, na wapo.

Alipomaliza kunawa, daktari alimwita Chapchap kando ya pikipiki.

"Nitakwambia mara moja, sitarudia. Watoto wengi wanaacha waya majanini. Na wakubwa pia. Ningekuja, ningemezesha sumaku, leo ng'ombe wako angekuwa amelala pale anacheua, nawe ungechapwa viboko viwili ukasahau. Waya haukumuua Jumamosi. Amekufa Jumanne, saa nne, nilipokuuliza mara tatu. Mtu akikosea aseme siku ileile, kosa likiwa bado dogo na daktari bado yuko mlangoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na ulimnyamazia mtu afukuzwe. Hilo mimi sina dawa yake. Nenda kamtafute."

Walimtafuta Jumamosi, Baba na binti yake. Walimkuta kwenye tanuri la matofali, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, anabeba matofali ya moto kwa ubao kichwani. Alikuwa amebisha hodi kwa wafugaji sita. Hakuna aliyemtaka karibu na ng'ombe wake. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope.

Chapchap alitangulia mbele, akapiga magoti kwenye vumbi hilo. "Shikamoo, Mjomba. Nilidanganya. Sikupitisha sumaku. Nawe nilikusingizia. Bimkubwa amekufa."

Mkamuaji alitua ubao. Aliposikia jina la ng'ombe, aligeuza uso upande kidogo.

"Marahaba. Inuka. Wewe ni mtoto, nimekusamehe."

Baba alikohoa. "Nami nilikosea, ndugu yangu. Nilichemka. Rudi nyumbani. Chumba chako kiko wazi, na kila niliyempa maneno mabaya nitapita kwake kuyafuta, mlango kwa mlango."

"Wapitie," mkamuaji alisema. "Hilo litanisaidia. Kurudi, hapana."

"Kwa nini? Mtoto ameomba msamaha."

"Mtoto ameomba. Yeye alikuwa anaogopa, wewe ulikuwa unaogopa nini? Nilikuomba kitu kimoja, mzee. Upime ua. Ni hatua mia mbili. Miaka saba nimekukamulia, na hukuona nina thamani ya hatua mia mbili."

Msimamizi wa tanuri akapaza sauti: "Wewe mrefu, hapa si kijiweni!" Mkamuaji akaweka ubao kichwani, akaondoka.

Njiani Baba alitembea mbele, Chapchap nyuma. Walipokaribia nyumbani alisimama bila kugeuka, akasema, "Mimi nilipenda wepesi wako kuliko ukweli wako. Hilo ni kosa langu. Lako unalijua. Kuanzia leo, katika nyumba hii, anayemaliza kazi ataonyesha alichofanya, na asiyemaliza atasema hakumaliza. Hakuna atakayepigwa kwa kusema. Atakayepigwa ni mimi nikiacha kuuliza na kutazama."

Wiki yote iliyofuata Baba alipita mlango kwa mlango, kama alivyoahidi. Baada ya mwezi mkamuaji alipata ng'ombe wa kukamua, kwa mtu mwingine.

Hasara yenyewe ni hii. Ng'ombe mmoja wa uzazi wa nne. Ndama mmoja jike, aliyebakiza miezi mitatu tu azaliwe. Lita tisa za maziwa kila siku, mpaka yule mtamba alipozaa, na hiyo ilikuwa mwaka mmoja na miezi minne baadaye. Nyama yote, shimoni. Netiboli, kwa sababu saa tisa ikawa saa ya kukata majani na hapakuwa na mtu mwingine wa kuyakata. Na mtu mmoja aliyekaa nao miaka saba, ambaye sasa akikutana nao njiani huwaamkia vizuri tu, kisha hupita.